Tikiti ya bahati nasibu Mtwara: kibandani, kwenye simu au tovuti za nje?

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Mtu wa Mtwara au Lindi anayetaka kucheza bahati nasibu ana njia nne: karatasi ya kibandani kwa wakala, menyu ya simu, kadi ya kukwangua, na tovuti za nje zinazodai kumnunulia tikiti za Marekani na Ulaya. Simu tunaipa nyota nne kati ya tano, kwa sharti kwamba laini imesajiliwa kwa jina lako mwenyewe. Kibanda kinapata tatu. Kukwangua mbili. Tovuti za nje hazipati hata moja.

Ukubwa wa donge, yaani zawadi kuu, haukuingia kwenye alama hizi. Donge ni tangazo tu, na tangazo zuri halijawahi kumlipa mtu. Tumeangalia nani ana leseni, mchezaji anabaki na ushahidi gani, namba zinapatikanaje, na hela inamfikiaje mshindi aliye Newala au Nachingwea, mbali na ofisi kubwa.

Leseni ukutani

Tanzania mwenye kauli ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Kasino, kubashiri mechi, mashine za sarafu na bahati nasibu vyote viko chini yake. Bahati nasibu ya taifa ilirudi sokoni mwaka 2025 ikiwa mikononi mwa ITHUBA Tanzania, ndugu wa kampuni iliyokabidhiwa ile ya Afrika Kusini mwaka 2015. Kwa hiyo kibandani uliza kwanza tikiti hii ni ya kampuni gani, kisha hakiki jina hilo kwenye tovuti ya Bodi, gamingboard.go.tz. Wakala wa kweli hanuni akiulizwa. Anayejibu "we cheza tu, bosi yuko Dar" mwachie kibanda chake.

Umri wa kucheza ni miaka 18. Kibanda kinachomkatia tikiti mtoto aliyetumwa sokoni Sabasaba kununua nyanya usikiamini kwa lolote jingine, hata mashine yake iwe mpya kiasi gani.

Nchi za wenzetu zimeupanga mchezo huu kwa namna zinazotofautiana sana. Hispania na Thailand serikali yenyewe ndiyo muuzaji. Marekani hakuna bahati nasibu ya taifa; majimbo 45 pamoja na mji mkuu Washington yana zake, na hushirikiana kuendesha michezo mikubwa kama Powerball. Yasiyo nayo ni Alabama, Alaska, Hawaii, Utah na Nevada. Ndiyo, Nevada ileile yenye Las Vegas. Uingereza serikali haichezeshi: inatoa leseni moja kwa kampuni moja kwa muda maalumu, na tume ya michezo ya kubahatisha inaisimamia. Camelot ilianza mwaka 1994, ikaikabidhi kazi Allwyn Februari 2024. Tanzania na Afrika Kusini ziko upande huu wa leseni moja.

Nchi nyingi za Kiislamu zimepiga marufuku kabisa. Falme za Kiarabu zilikuwa humo hadi zilipounda mamlaka ya usimamizi mwaka 2023 na kuchezesha droo ya kwanza yenye leseni Desemba 2024. Kwa msomaji Mwislamu wa Mikindani au Kilwa suala hili lilishaamuliwa zamani, na leseni ya serikali haibadilishi kitu. Hata hivyo asome sehemu ya utapeli huko chini, maana meseji za "umeshinda" haziulizi dini ya mtu.

Karatasi ya kibandani: nyota tatu

Tikiti ya wakala huchapwa kwenye karatasi ileile ya risiti za EFD. Haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikiguswa na joto la kichwa cha mashine, na kemikali hiyo haibagui joto: la mashine, la jua na la pasi yote kwake ni mamoja. Iache juu ya dashibodi ya bajaji saa saba mchana Desemba na jioni utaikuta imeingia ukungu wa kijivu. Ipeleke stesheneri wakuwekee plastiki ya moto, itatoka nyeusi yote kama mkaa, namba ndani yake hazionekani tena. Adui mwingine ni mafuta: mikono ya kupikia, losheni, vitakasa mikono vyenye spiriti. Gundi ya selotepu nayo hufuta maandishi taratibu, hasa ikibandikwa upande wa mbele. Pindo la khanga lina jasho na mikunjo, na mkunjo ukipita juu ya mistari ya kuskani mashine inashindwa kusoma.

Mahali pazuri ni katikati ya daftari lililofungwa, ndani ya kabati, mbali na dirisha. Kabla ya kuihifadhi piga picha pande zote mbili, namba ndefu ya tikiti isomeke. Picha si tikiti na haitalipwa kama tikiti, lakini inathibitisha kwamba ulikuwa nayo mkononi siku fulani.

Kabla hujaondoka dirishani soma vitu hivi, kwa kidole kama ni lazima: jina la mchezo, tarehe na namba ya droo, mistari yako ya namba, kiasi ulicholipa, namba ya kituo cha wakala, na ile namba ndefu iliyo karibu na mistari ya kuskani. Kosa la kawaida ni tarehe. Watu hukata tikiti dakika za mwisho, droo ya leo imeshafungwa kwenye seva, mashine inawapa ya droo ijayo. Usiku namba zao zinatoka na tikiti haihusiki. Jingine ni wakala kubonyeza mistari miwili badala ya mmoja na kudai hela ya pili. Makosa haya hurekebishika pale pale, kabla droo haijafungwa, na mara nyingi ni kwenye mashine ileile iliyochapa. Ukirudi kesho umechelewa. Ukiona pembeni mwa karatasi kuna mstari wa rangi unaotembea, roli inakaribia kuisha: mwambie aweke jipya kwanza, ndipo akuchapie, la sivyo sehemu ya chini yenye ile namba ndefu inaweza kukatika.

Sehemu hiyo ya chini ndiyo roho ya tikiti. Uingereza mwaka 2009 mtu mmoja alipeleka tikiti iliyochanika, isiyo na mistari ya kuskani, akalipwa pauni milioni 2.5. Baadaye ikajulikana kuwa ilighushiwa kwa msaada wa mfanyakazi wa ndani wa Camelot. Msimamizi aliitoza kampuni faini ya pauni milioni 3 mwaka 2016 kwa kulipa bila uhakiki wa kutosha, na mlaghai akafungwa miaka tisa mwaka 2019. Tangu hapo usitegemee huruma ya mtu yeyote juu ya tikiti iliyokatika.

Kisha saini. Wakulima wa huku wamezoea stakabadhi ya ghala: korosho zimepimwa, jina lako limo kwenye vitabu vya AMCOS, chama cha ushirika, karatasi ikipotea bado kuna pa kuanzia. Tikiti ya bahati nasibu iko kinyume chake. Haina jina. Aliyeishika ndiye mwenyewe mpaka ithibitike vingine, kwa hiyo andika jina kamili, namba ya NIDA na saini nyuma yake palepale kwa kalamu ya bolpeni, bila kukandamiza.

Ontario, Kanada, waliijua gharama ya kutosaini. Mwaka 2001 mzee mmoja alimpa karani wa duka tikiti zake azikague; moja ilikuwa na dola 250,000, karani akaificha na kuidai mwenyewe. Kesi ilivuma kwenye televisheni mwaka 2006, na mwaka uliofuata mlinzi wa haki za wananchi wa jimbo hilo akatoa ripoti kali kuhusu wauza tikiti wanaoshinda kupita kiasi. Baada ya hapo skrini za kukagulia ziligeuzwa zimtazame mteja, na saini ikawa sharti.

Kwenye vibanda vya Chikongola au stendi ya Mkanaledi wakala huishika mashine mkononi na wewe huoni kinachoandikwa. Kwa hiyo kagua namba mwenyewe kwanza kwenye matokeo rasmi. Ukimpa aiskani, simama upande wa skrini. Akisema haina kitu, mwambie airudishe, uichane wewe. "Niachie nitakutunzia" jibu lake ni hapana, hata kama wakala ni shemeji yako. Na namba zilizoandikwa kwa kalamu kwenye daftari la wakala, kwamba ataziingiza mtandao ukirudi, hizo si tikiti. Seva ya kampuni haijui daftari.

Wanaochanga kijiweni, bodaboda kumi kila mmoja buku, waandike majina, kiasi cha kila mtu na nani ameshika tikiti, wapige picha karatasi hiyo pamoja na tikiti, waitume kwenye grupu la WhatsApp kabla ya droo. Baada ya droo kumbukumbu za watu hubadilika sana.

Simu: nyota nne

Tikiti ya simu haifutiki, haiibiwi mfukoni, na zawadi ndogo huingia moja kwa moja kwenye salio. Hilo pekee linaishinda karatasi kwa mtu aliye Tandahimba ambaye nauli ya kurudi kwa wakala inazidi ushindi wenyewe.

Kasoro yake kubwa ni jina. Laini nyingi mikoani zimesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka, mume au jirani aliyekuwa na NIDA mapema. Kwa kampuni, mchezaji ni yule aliyesajili laini. Ukishinda kwa laini ya mwingine, kisheria anayeitwa ofisini ni huyo mwingine. Piga *106# uone laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Ile unayochezea isipokuwemo, kaisajili upya kabla ya kufikiria kucheza.

Kasoro ya pili ni muamala wa nusu. Umeingia menyu, umechagua namba, umeweka namba ya siri, kisha skrini inakatika. Hela imetoka, tikiti haijaja. Hapa wengi hukosea kwa kurudia malipo. Subiri meseji mbili: ya mtandao wa simu kwamba hela imekwenda, na ya kampuni ya bahati nasibu yenye namba zako, tarehe ya droo na namba ya tikiti. Ya kwanza bila ya pili maana yake huna tikiti, una dai la kurudishiwa hela. Chukua namba ya muamala, piga huduma kwa wateja. Usicheze dakika kumi za mwisho kabla ya kufungwa. Kinachohesabika ni saa seva ilipopokea, na saa uliyobonyeza haina maana yoyote. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilizorota kwa siku kadhaa, na mfumo wowote unaotegemea seva ya mbali ulionja joto ya jiwe.

Meseji ya tikiti usiifute mpaka droo ipite na muda wa kudai uishe. Ukibadilisha simu, piga picha ya skrini kwanza.

Namba zinatoka wapi

Kuna droo ya mipira na droo ya kompyuta, na zote mbili zimewahi kuchezewa. Pennsylvania, 24 Aprili 1980, mtangazaji wa droo na wenzake waliingiza rangi kwenye mipira kwa sindano ili iwe mizito, wakaacha ya 4 na ya 6. Mashine inayopuliza hewa huinua myepesi. Ikatoka 666, na waliokuwa wakijua walishanunua michanganyiko yote minane ya namba hizo mbili. Ndiyo maana droo za maana leo hupima uzito wa mipira mbele ya mkaguzi, zina seti kadhaa, na seti ya siku huchaguliwa kwa kura muda mfupi kabla.

Ya kompyuta ni ngumu zaidi kuigundua. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo kwenye chama kinachoendesha droo za majimbo kadhaa ya Marekani. Alipachika msimbo uliofanya namba zitabirike katika siku chache maalumu za mwaka. Alinaswa kwa tikiti ya dola milioni 16.5 aliyoinunua mwenyewe Iowa Desemba 2010, kwa kuwa kamera ya duka ilichukua sura na sauti yake na mdai alikataa kujitambulisha. Alikiri mwaka 2017, akahukumiwa kifungo cha hadi miaka 25. Programu yake ilikuwa imepita ukaguzi.

Kwa mchezaji wa huku kipimo kinachofaa ni hiki: je, droo inaonyeshwa moja kwa moja, mkaguzi wa nje anatajwa, na matokeo yanatoka na namba ya droo inayolingana na ya kwenye tikiti? Mchezo wa kila baada ya dakika tano kwenye skrini ya kibanda hauna nafasi ya hayo yote. Hatusemi ni wizi. Tunasema huna unachoweza kukikagua, na kasi yake inamaliza hela haraka kuliko droo ya wiki.

Hesabu ambayo wakala haikupi

Chukua zawadi kuu, igawanye kwa idadi ya michanganyiko, linganisha na bei ya tikiti. Thailand tikiti ni bahti 80, namba zina tarakimu sita, yaani moja kati ya 1,000,000, na zawadi ya kwanza ni bahti milioni 6. Inakuja bahti 6 katika 80. Bahati nasibu ya Krismasi ya Hispania, inayochezwa tangu 1812, ina namba 100,000. Kipande cha tikiti ni yuro 20 na zawadi ya kwanza ni yuro 400,000 kwa kipande. Hiyo ni yuro 4 katika 20 kwa zawadi hiyo peke yake, na asilimia 70 ya thamani ya tikiti zote hurudi kama zawadi. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo bahati nasibu yenye uungwana kuliko kubwa zote, maana imegawa zawadi kwa wengi badala ya kumlundikia mmoja.

Powerball ya Marekani ni namba 5 kati ya 69 na moja kati ya 26. Uwezekano ni mmoja katika 292,201,338. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Zidisha taifa zima mara nne na nusu na bado hujafika. Donge linapoanza kwa dola milioni 20, linachangia kama senti 7 katika tikiti ya dola 2.

Waendeshaji wanajua watu hutazama donge na hawatazami uwezekano, kwa hiyo huongeza mipira. Uingereza ilikuwa namba 6 kati ya 49, mmoja katika 13,983,816. Oktoba 2015 ikawa 6 kati ya 59, mmoja katika 45,057,474. Donge linakua kwa sababu halishindwi. Mwezi huohuo Powerball nayo ilipandisha kutoka takriban milioni 175 hadi hizo 292. Ukisikia tangazo la "mchezo umeboreshwa" tafuta kwanza mipira imeongezwa mingapi.

Kwa mchezo wa tarakimu tatu hesabu ni rahisi: 000 hadi 999, yaani namba 1,000. Kama buku inalipa laki tano, mwendeshaji amebaki na nusu. Kama inalipa laki mbili, amebaki na sehemu nne kati ya tano. Fanya hesabu hiyo kibandani kabla ya kutoa hela. Haichukui nusu dakika.

Kuhusu kuchagua namba: hakuna njia ya kuzifanya zitoke. Ipo njia ya kutogawana. Wengi huchagua tarehe za kuzaliwa, 1 hadi 31, na mifuatano mizuri machoni. Desemba 2020 Afrika Kusini zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na mpira wa ziada 10. Watu 20 wakagawana donge, watu wakapiga kelele za wizi. Ufilipino Oktoba 2022 zilitoka vigawe vya tisa, 9 hadi 54, na washindi walikuwa 433. Peso milioni 236 zikawa kama 545,000 kwa kila mmoja. Uingereza Januari 1995 washindi 133 waligawana donge moja, pauni 122,510 kila mtu. Chagua ovyo, changanya za juu ya 31, au acha mashine ikuchagulie.

Wapo waliojaribu kununua michanganyiko yote. Texas Aprili 2023 kikundi kilikata karibu zote milioni 25.8, dola moja moja, kikachukua donge lililotangazwa kuwa dola milioni 95. Hakuna sheria ya hesabu iliyovunjwa, lakini walipewa mashine za kuchapia kwa wingi ambazo mchezaji wa kawaida hapati, na zogo lake lilichangia tume ya bahati nasibu ya jimbo kuvunjwa mwaka 2025.

Kukwangua: nyota mbili

Zinapopatikana, kumbuka kwamba kadi ya kukwangua imeshaamuliwa kiwandani. Idadi ya zawadi kubwa imechapwa tangu mwanzo, na kadi zinaweza kuendelea kuuzwa wakati kubwa zimeshachukuliwa. Nchi zenye usimamizi mzuri humlazimu mwendeshaji atangaze zawadi zilizobaki kwa kila mchezo. Usipoipata taarifa hiyo, unanunua gizani. Igeuze kadi kwenye mwanga kabla ya kulipa: vitundu vya sindano au mkwaruzo mwembamba juu ya rangi ya fedha ni dalili kwamba mtu alichungulia, akaacha zisizo na kitu ziuzwe. Sehemu iliyoandikwa usikwangue, usiiguse hata kwa kucha.

Tovuti za nje: hakuna nyota

Ziko za aina mbili. Baadhi hutuma mtu akanunue tikiti halisi huko na kukutumia picha yake. Nyingine hazinunui kitu: unabeti tu na tovuti kuhusu matokeo ya droo ya wengine, na malipo yanategemea tovuti hiyo na bima yake. Ya kwanza imewahi kulipa. Mtu wa Iraki alichukua dola milioni 6.4 za Oregon mwaka 2015 kwa njia hiyo. Lakini mpangilio huo ni dhaifu. Texas iliwapiga marufuku wanunuzi wa niaba mwaka 2025. Unalipia tikiti zaidi ya bei yake, benki inakata gharama ya kubadili fedha, mgeni hukatwa kodi ya asilimia 30 Marekani, na mambo yakiharibika Bodi ya hapa haina mkono wa kuwafikia. Hata donge lenyewe si lile la bango: dola bilioni 2.04 za Powerball Novemba 2022 zilikuwa malipo 30 ya miaka 29. Taslimu ilikuwa milioni 997.6, kabla ya kodi.

Kulipwa

Kodi ya zawadi hapa nchini hukatwa na mwendeshaji kabla hujalipwa. Kiwango chake hubadilishwa na Sheria ya Fedha, inayoanza Julai mosi, kwa hiyo usikariri cha mwaka jana. Dai stakabadhi inayoonyesha kilichokatwa. Uingereza na Afrika Kusini mshindi hakatwi; Hispania hukata asilimia 20 ya kinachozidi yuro 40,000.

Muda wa kudai una mwisho, na umeandikwa nyuma ya tikiti au kwenye masharti: Uingereza siku 180, Hispania miezi mitatu, Afrika Kusini siku 365. Soma wa tikiti yako siku ya kununua. Zawadi kubwa haitatoshea kwenye salio la simu lenye kikomo. Italipwa benki, kwa kitambulisho, na huenda ukatakiwa kufika Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 550 kutoka Mtwara. Mwulize wakala mapema: yeye analipa hadi shilingi ngapi, na juu ya hapo nani analipa na wapi. Wakala asiyejua jibu hilo ndiye aliyetushushia alama za vibanda. Uliza pia kama jina lako litatangazwa.

Nauli ya kwenda kudai ni ya mshindi. Ada ya kutolea zawadi haipo. Msimu wa korosho, wakulima wanapolipwa, ndipo unaposikia zaidi "hongera mama, umeshinda milioni kumi, tuma elfu thelathini ya usajili", na zile barua pepe za "El Gordo ya Hispania", jina la zawadi ya kwanza ya ile droo ya Krismasi, zinazotaka kodi itangulizwe. Kama hukununua tikiti huna ulichoshinda, na kodi halali hukatwa kwenye zawadi yenyewe, haitumwi kwa namba ya mtu. Meseji hiyo pamoja na namba ya tapeli itume kwenda 15040, bure, kisha uzuie namba.